Profesa wa Magugu

Siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, Omollo aliwaona wanawake wawili wazima, wenye kazi zao na heshima zao, wakigombania fungu la managu, ile mboga ya mnavu, katika duka dogo la vyakula vya Kiafrika huko Granville, Sydney. Lilikuwa fungu la mwisho. Mmoja alilishika kwenye mashina, mwingine kwenye majani, na kila mmoja alikuwa akimwita mwenzake "sista" kwa sauti isiyokuwa na udugu hata chembe. Mwenye duka alisimama kando, na tangu ugomvi uanze alikuwa ameshapandisha bei mara mbili.

Omollo hakununua kitu. Hakuwa mtu wa kununua. Alisimama karibu na magunia ya unga, akatazama hadi mwisho, kisha akatoka nje na uso wa mtu aliyetoka kupokea komunyo.

Sababu ni kwamba Jumanne ya wiki hiyo hiyo alikuwa amepeleka kabati kuukuu la vyombo kwa mkulima mmoja mzee anayeitwa Keith, ng'ambo ya milima, upande wa Mudgee, mwendo wa saa nne kwa gari. Keith alikuwa amefiwa na mke miaka mingi. Alikuwa mrefu, mtu wa maneno machache, na siku hiyo maneno yake machache yote yalikuwa matusi. Alimwonyesha Omollo shamba la maboga lililokwisha kuvunwa, na lingine nyuma yake. Managu yalisimama hadi kiunoni. Mchicha ulijaa kila mahali. Majani ya maboga, mororo kabisa, yalikuwa yakisubiri trekta lije liyafukie. Keith aliyaita yote magugu, na managu ndiyo aliyoyachukia zaidi, maana bibi yake alimwambia tangu utotoni kwamba ni sumu. Kabla mwezi haujaisha angeyapulizia dawa.

Mtu mwaminifu hapo angeona vitu viwili: watu wasio na mboga, na mboga zisizo na watu. Omollo aliona vitatu. Cha tatu kilikuwa yeye mwenyewe, amesimama katikati, mkono mmoja ameunyoosha huku, mwingine kule.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na tisa kati ya hiyo alikuwa ameiishi Sydney. Alikuwa na koti moja zuri la kijivu, ulimi laini, na kipaji cha kukumbuka jina la mama mzazi wa kila mtu. Aliwahi kuuza tiketi za kutazama fataki za mwaka mpya kutoka kwenye meli ya kifahari ambayo, ilipofika siku yenyewe, ilikuwa ni ile feri ya kila siku. Aliwahi kuchangisha pesa za mazishi ya mjomba ambaye, siku ya kuzikwa, alipiga simu kuwajulia watu hali. Hakushtakiwa hata mara moja, kwa sababu kila aliyeliwa aliona haya kusema. Omollo aliziheshimu sana haya za watu. Ndizo zilizokuwa zikimlisha.

Jambo ambalo alidhani hakuna aliyelijua ni kwamba alilala ndani ya gari. Lilikuwa basi dogo jeupe la viti kumi na vinne, lililoegeshwa nyuma ya gereji moja hapo Granville, na yeye alijikunja kwenye kiti cha mwisho, magoti kifuani. Watu aliwaambia anakaa Parramatta, ghorofa ya kumi na moja, lifti mbili.

Na sasa kulikuwa na chumba. Kilikuwa chumba cha uani, na mlango wake, na dirisha lake, na nje ya dirisha mlimau. Omollo alikwenda kukitazama mara tatu, na mara ya tatu akamwomba msichana wa wakala wa nyumba za kupanga amwache akae kidogo sakafuni. Alikitaka chumba kile kuliko kitu chochote. Msichana wa wakala alitaka mambo mawili kabla ya mwisho wa Aprili: pesa ya dhamana, na hati ya mshahara kuthibitisha kwamba mpangaji ana kazi. Hati haikumsumbua. Kwa mwaka mmoja ofisi ile ile ilikuwa imeshapokea tatu kutoka kwake, za waajiri watatu, zote kazichapa mwenyewe kwenye kompyuta za maktaba, kwa vyumba vitatu ambavyo vilikwenda kwa watu wengine. Aliamini kilichomponza ni dhamana tu.

Basi akampigia Keith simu.

"Hapa anazungumza Profesa Omollo," alisema kwa Kiingereza cha puani, "mtaalamu wa magugu."

Keith aliuliza kama huyu siye yule aliyeleta kabati.

"Kabati lilikuwa kisingizio," alisema Omollo. "Nilikuja kukagua shamba."

Akaeleza. Alikuwa na kikosi cha wataalamu kutoka Afrika, wanaong'oa magugu kwa mikono, mzizi na shina, bila tone la dawa. Mashamba mawili, Jumamosi na Jumapili. Nusu ya malipo sasa, nusu kazi ikiisha. Wangelala katika lile banda la zamani la wakata manyoya ya kondoo. Sharti lilikuwa moja: wataalamu hawajui Kiingereza, na mila zao haziruhusu kusemeshwa wikendi.

Keith alipiga hesabu. Ilikuwa nafuu kuliko dawa. Na kutosemeshana na watu hakukumtisha, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akiishi.

Ijumaa jioni tangazo likatoka kwenye makundi ya WhatsApp. "WIKENDI YA WALAJI. Njoo uile autumn mashambani!" Kiswahili hakijawahi kujisumbua kuutafutia msimu ule jina linaloshika, maana kwetu majani hayaanguki kwa ratiba, na Omollo hakutaka kuanzisha mjadala. "Chuma managu kwa mikono yako mwenyewe. Mchicha. Majani ya maboga. Mbuzi wa kuchoma. Malazi katika jumba la kihistoria. Nafasi kumi na mbili tu. Watu wenye ladha ya kawaida wasijisumbue."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyofanya kazi. Hakuna mtu duniani anayekubali kwamba ladha yake ni ya kawaida. Kufikia Jumapili mchana nafasi zilikuwa zimejaa, na kuna waliokuwa wakimpigia simu kuuliza kama wangeweza kusimama.

Kikao cha matayarisho kilifanyika Merrylands, nyumbani kwa Cécile. Huyu alikuwa mama wa Bukavu, mnene kiasi, mpole, aliyeendesha mashine ya kubeba mizigo katika ghala moja, naye alikuwa mweka hazina wa kila chama kilichowahi kuundwa katika mtaa ule. Kando yake aliketi Jepchumba, muuguzi wa Campbelltown, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Kwenye kiti cha peke yake alikuwa Mutua, mhasibu, aliyewahi kuhudhuria mafunzo ya jibini ya saa mbili na hajapumzika kuyataja tangu siku hiyo.

"Bon, Papa Omollo," alisema Cécile, "mimi niko na swali kidogo tu. Ile nyumba ya historia iko na choo?"

"Ipo, Mama Cécile. Choo nacho ni cha kihistoria."

"Na cheese?" aliuliza Mutua. "Autumn ndiyo time ya cheese. Kwa course tulifunzwa hivyo."

"Boss, jibini tumeiweka kwenye ratiba, nafasi ikiruhusu."

"Hiyo cheese mkae nayo," alisema Jepchumba. "Mimi nina miaka sita sijachuma mboga na mkono yangu. Kila siku kwa break room ni salad, majani mabichi, kama sungura. Omollo, ukinidanganya kwa hii maneno ya managu, nitakufuata mpaka hiyo ghorofa yako ya kumi na moja."

"Sista, kwa managu sidanganyi," alisema Omollo. Ilikuwa kweli tupu, na kwa vile hakuwa ameizoea, ilimtia kizunguzungu kidogo.

Kisha akatoa sharti. Mwenye shamba alikuwa mtu wa dini, tena dini kali. Kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu hafungui kinywa. Ukimsemesha unamharibia thawabu zake. Kwa hiyo wasimkaribie kabisa.

"Hata na Kiingereza?" aliuliza Cécile.

"Hasa Kiingereza."

Cécile aliandika hayo katika daftari lake. Alikuwa na tabia ya kuandika kila kitu, na Omollo alidhani ni mtu msahaulifu.

Waliondoka Jumamosi alfajiri, watu kumi na wawili na mbuzi mmoja aliyekwishachinjwa. Upande wa pili wa milima mizabibu ilikuwa imegeuka rangi ya kutu na miti ya kandokando ya barabara imekuwa manjano. Mutua aliomba wasimame kila walipopita kibao cha divai. Omollo aliziba masikio. Alikuwa na shamba la kusafisha.

Walipofika na kuliona, wote walibanana madirishani. Hakuna aliyetegemea kwamba tangazo la Omollo lingekuwa limepunguza. Managu yalikuwa mengi kuliko yalivyotajwa, meusi kwa afya, yamesimama yakisubiri. Jepchumba alishuka, akatembea mpaka katikati, akapiga magoti akalia, mbele ya watu, bila kufunika uso.

"Ng'oeni na mizizi," Omollo aliwaagiza. "Huku hiyo ndiyo adabu. Ukikata nusu, mwenye shamba anaona umemdharau."

Waling'oa na mizizi. Hakuna kibarua aliyewahi kufanya kazi namna ile, kwa kuwa kibarua hulipwa na hawa walikuwa wamelipa. Kila mmoja alimchungulia jirani kuona gunia lake limefika wapi. Waliimba nyimbo za kanisani wakipokonyana mistari ya mchicha. Kule kwenye baraza la nyumba yake, mita mia tatu, Keith alikuwa amesimama na darubini, na mara kwa mara aliishusha akaifuta vioo. Kufikia saa saba shamba la kwanza lilikuwa jekundu, udongo mtupu.

Chakula kilipikwa nje ya banda. Jepchumba alichemsha managu akayatia maziwa. Cécile alikaanga lengalenga, ndivyo alivyouita mchicha, kwa karanga za kusaga. Ugali ulisongwa kwa mwiko uliotoka Campbelltown ukiwa umefungwa kwa taulo. Mutua alikula amefumba macho na hakutaja jibini. Omollo alikula sahani tatu, na kwenye ile ya tatu alikuwa tayari amehamia chumbani, amefungua dirisha.

Hapo Jepchumba akanawa mikono, akafunga leso upya.

"Haya," alisema. "Sasa twende tumsalimie mwenye boma."

Omollo alikohoa. "Sista, nilieleza. Mzee haongei wikendi."

"Asiongee. Sisi tutaongea, yeye atasikia."

"Ni dini yake."

"Na hii ni yetu. Nimeng'oa mboga ya mtu, nimekula kwa ardhi yake, nitalala kwa nyumba yake, halafu nirudi Campbelltown bila kumwambia jambo? Mama yangu akisikia atasema alizaa nini?"

Na mifuko ikafunguliwa. Jepchumba alikuwa na kilo mbili za sukari na majani ya chai. Mutua, hata Mutua, alikuwa na mkate. Mwingine alikuwa na unga, mwingine mafuta ya kupikia. Cécile alitoa kitenge kizima, hakijakatwa. Kila mtu alikuja na chake bila kuambiwa na mtu, na kwenye kikao jambo hilo halikuzungumzwa kwa sababu si jambo la kuzungumzwa. Unakwenda kwa mtu, unabeba kitu, unamsalimia. Omollo alijua kila kona ya tamaa ya binadamu, lakini sukari haikumpitia akilini. Kwa miaka tisa hakuna aliyewahi kuja kumtembelea, kwa kuwa hakukuwa na mahali pa kumtembelea, na desturi nzima ilikuwa imemtoka kichwani. Alipoziona zile pakiti mbili za sukari alishikwa na uchungu ambao haukuwa na uhusiano wowote na biashara.

Wakaenda kwa mstari, wanawake mbele. Omollo alibaki akimgeuza mbuzi ambaye hakuhitaji kugeuzwa.

Aliona Keith akisimama na kuvua kofia. Aliona Jepchumba akihutubia, kwa muda mrefu. Aliona kinywa cha Keith kikifunguka, na hakikufunga tena. Kiti kililetwa, kisha viti viwili, kisha benchi. Bomba la moshi la jikoni likaanza kutoa moshi, maana yake chai. Halafu akamwona Cécile akitoa daftari.

Ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwake. Barabara ilikuwa nyeupe. Mtu mwenye akili angekula kona saa ile ile. Lakini nusu ya pili ya malipo ya Keith ilikuwa kesho, na bila nusu ile hakuna dhamana, na bila dhamana hakuna mlimau dirishani. Omollo alibaki.

Walirudi baada ya saa moja na nusu, wametulia.

"Mzee ana roho safi," alisema Jepchumba.

"Aliongea?"

"Kidogo."

"Alisema nini?"

"Alituuliza kama tumeshiba."

 Wakaendelea na mbuzi. Omollo alisubiri kelele, akasubiri mtu amkunje shati, na kilichokuja ni paja. Cécile alimwekea sahanini kipande kikubwa kuliko vyote, akakipapasa kama mtu anayempapasa mtoto kichwani.

"Kula vizuri, Papa," alisema. "Kesho iko siku kubwa."

Jumapili, baada ya maombi ya asubuhi, Keith alikuja kule bandani amechana nywele na kuketi mstari wa mbele. Cécile alisimama kutoa neno la shukrani. Alisema kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kiingereza, ili pasiwe na mtu wa kupitwa.

"Bandugu zangu," alianza, "kamati ilikaa jana."

"Kamati gani?" aliuliza Omollo.

"Ya jana. Sasa sikieni. Miaka yote hii tuko tunaishi na Papa Omollo, na hatukumujua. Jana ndiyo tulimujua." Makofi. "Mzee Keith ametufasiria yote. Kumbe Omollo ni profesa!"

Vigelegele vikapasua hewa. "Profesa wa magugu!" aliitikia Jepchumba. "Na hajawahi kujisifu hata siku moja! Mtu mnyenyekevu hivi, mshawahi kuona?"

Hawakuwahi. Walisema hivyo mmoja mmoja. Omollo, ambaye maisha yake yote aliwavisha wengine kilemba cha ukoka, sasa alikisikia kikizungushwa kichwani mwake, mzunguko baada ya mzunguko. Alijua ni nini. Na bado, aibu kusema, kilikuwa na joto zuri.

"Mzee Keith anasema hii mboga, kwa yeye, si kitu ya kuuzisha," aliendelea Cécile. "Na nyumba hii pia alituachia bure. Sasa profesa aliniita pembeni. Akaniambia, Mama Cécile, kama ni bure, basi makuta ya watu, ile pesa walilipa, mimi siwezi kukaa nayo. Nitairudisha yote, Jumapili, mbele ya watu."

Omollo hakuwahi kumwita Cécile pembeni hata siku moja. Watu wote walimgeukia, nyuso zikimeta. Keith, alipopata tafsiri, alipiga makofi polepole, kwa mikono mikubwa ya mtu wa trekta. Njia ya kukataa haikuwepo. Ili ukane kwamba wewe ni mkarimu, inabidi ueleze ulikuwa nani kabla ya hapo, na mbele yake walikuwa wameketi watu wawili ambao mazishi ya yule mjomba waliyachangia. Mkono wake wenyewe uliingia ndani ya koti la kijivu ukatoka na bahasha. Alitabasamu, meno yote nje. Vigelegele.

"Na bado!" alisema Cécile. "Shamba la pili halijaguswa, na siye kesho tuko na kazi, manesi, watu ya mastore. Profesa amesema twende. Yeye atabaki. Atalimaliza peke yake, na mikono yake, kwa ile nusu mzee alimulipa kale."

Keith alisimama. Alimshika Omollo mkono kwa mikono yote miwili, akasema kwamba katika miaka thelathini hajaona mtu wa mkataba aliyebaki kumaliza kazi. Sauti yake ilikwaruza. Hapo ndipo Omollo alipoona kuwa mzee hakuwa sehemu ya njama, au kama alikuwa, basi alikuwa mjanja kuliko wote.

"Na gari?" aliuliza Omollo. Alitaka kusema mengi zaidi.

"Gari usijali. Mimi niko na permis ya kuendesha basi." Cécile alimsogelea kama anayemkumbatia, akashusha sauti. "Papa, mimi Bukavu nilipitisha chumvi mpakani na madouaniers watatu ya forodha wananiangalia. Weye uko mutoto." Kisha, polepole zaidi: "Kwa kiti ya nyuma niliona mto, na blanketi, na mswaki. Sikuambia mutu. Ile inabakia ya weye na mimi."

Basi dogo jeupe liliondoka saa sita mchana, limejaa watu na magunia hadi darini, likipiga honi. Omollo alipunga mkono. Lilipokata kona ndipo alipogundua kwamba alikuwa hajaacha kutabasamu, na mashavu yalimuuma.

Shamba la pili liliishia mtoni. Mto wenyewe ulikuwa hauonekani.

Siku ya kwanza malengelenge yalitoka. Siku ya pili yalipasuka. Siku ya tatu alivua koti la kijivu, akalitundika bandani, na halikuvaliwa tena. Jumamosi iliyofuata basi lake lilikuja na wageni kumi na watatu wapya, Cécile kwenye usukani, na ubavuni limeandikwa kwa rangi nyekundu "WIKENDI YA WALAJI" pamoja na namba ya simu ya Cécile. Alikuwa ameshakubaliana na Keith, kwa maandishi, wageni waje kila wiki hadi baridi kali ianze, na mzee apate fungu lake. Aliwaonyesha wageni shamba, akawaonyesha mto uliko, akamwonyesha Omollo.

"Yule ni profesa wetu," alisema. "Musimusemeshe akiwa kazini."

Kesho yake jioni, kabla ya kuondoka, alimkabidhi Omollo pesa ya kukodi gari. Hakuombwa. Omollo aliigeuzageuza mkononi akitafuta mtego, na hakuuona.

Wiki ya pili Keith alimwambia kwamba ile nusu ya malipo ilikwisha kufanyiwa kazi, na kuanzia siku hiyo angemlipa kwa saa. Omollo alitegemea noti zilizokunjwa. Keith alitaka namba yake ya kodi ya serikali, akaunti ya benki na tarehe ya kuzaliwa, akakaa jikoni jioni nzima na miwani, akatoa karatasi. Ilikuwa hati ya mshahara. Saa zilikuwa zake, alizifanya kweli. Kodi ya serikali ilikuwa imekatwa, na Omollo alikasirika kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe, kisha akaisoma tena, akaipima kiganjani. Alikuwa amechapa hati tatu za namna hii maishani, na hakujua kwamba ya kweli huwa na uzito.

Mshahara ule, ukijumlishwa na kodi ya gari, ulitosha dhamana. Tarehe ishirini na nane Aprili aliipiga hati picha, akapanda kilimani kutafuta mtandao, akaituma kwa wakala pamoja na pesa. Kwenye nafasi ya mwajiri aliandika jina la Keith na namba ya simu ya nyumbani, ile ya jikoni. Akashuka kilima akiimba. Alikuwa na dhamana ya halali na hati ya halali, na kila alipojaribu kutafuta mahali alipodanganya hakupaona.

Kesho yake saa tano asubuhi Omollo aliingia jikoni kunywa maji. Keith alikuwa nje juu ya trekta. Simu ya ukutani ikalia. Ililia mara nne, mara tano, na kwa adabu tu, kwa kuwa alikuwa karibu na kwa kuwa siku hizi alikuwa mtu wa pale, Omollo akaipokea.

"Habari ya asubuhi," ilisema sauti ya yule msichana wa wakala. "Naomba kuzungumza na mwajiri wa bwana Omollo."

Omollo alifungua kinywa. Akakifunga. Akakifungua tena.

"Ni mimi," alisema. "Yaani, mimi ndiye Omollo. Mwajiri yuko nje, kwenye trekta. Ngoja nimwite."

Upande wa pili karatasi zilipekuliwa.

"Bwana Omollo," alisema msichana, bila hasira yoyote, "kile chumba cha kwanza nilimpigia mwajiri wako, ukapokea wewe. Cha pili nikapiga, ukapokea wewe. Cha tatu pia."

"Hii ni tofauti! Hii ni ya kweli! Subiri dakika moja tu!" Alivuta waya wa simu hadi dirishani, akapiga kelele, "Keith! Keith!" Trekta lilikuwa likiunguruma kuelekea mtoni.

"Zile hati za mwanzo zilikuwa nzuri," aliendelea msichana. "Zilikuwa na nembo. Hii hata mistari imepinda. Na zile mara tatu, angalau ulijitahidi kubadilisha sauti."

Alimwambia kwamba dhamana yake ingerudishwa yote, na kwamba chumba wangempa mtu mwingine mchana huo. Alimtakia siku njema, na alionekana kumaanisha.

Omollo alibaki na simu sikioni muda mrefu baada ya kukatika. Aliumia. Aliumia kuliko alivyowahi kuumia aliponaswa kwa uongo, maana uongo alikuwa akijua namna ya kuutetea. Nje trekta likazimwa. Keith akaja hadi dirishani, kofia mkononi, akauliza nani alikuwa akipiga.

"Wamekosea namba," alisema Omollo.